Kitabu Mkononi mwa Rafiki

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Kisumu



 Katika taarifa ya mwaka mmekwisha kusikia habari za wagonjwa waliosaidiwa, za misiba iliyogharimiwa, na za karo za watoto. Hayo ndiyo mambo ambayo kwa ajili yake vyama kama hiki huundwa, wala hatutaki kuyapunguzia uzito hata kidogo. Lakini sisi wa Kamati ya Elimu tumeombwa tuseme juu ya jambo jingine, ambalo halina fungu katika hesabu za Mweka Hazina: namna marafiki wanavyoambiana habari za vitabu wanavyovisoma, na namna kitabu kinavyotoka mkono huu kwenda mkono ule. Mwanachama mmoja alituuliza, kwa haki kabisa, kama jambo hilo lahusu ustawi wa watu. Hotuba yetu yote ni jibu la swali lake.

Na tuanze na jina la mji wetu. Wazee husimulia kwamba jina Kisumu latokana na neno la Kijaluo, kisuma, ambalo maana yake ni kwenda kwa watu wengine kutafuta chakula wakati wa njaa. Mtu ambaye mvua ilimnyima alichukua kikapu chake akaenda kwa wale ambao shamba lao lilizaa. Hapakuwa na aibu katika safari hiyo, kwa kuwa aliyeomba mwaka huu aliweza kuombwa mwaka ujao. Wala haielekei kwamba alitoka nyumbani akibahatisha njia. Bila shaka jirani aliyetangulia ndiye aliyemwambia ni upande gani wa pwani ya Ziwa wenye nafaka.

Sasa njaa ya kusoma hufanana na njaa hiyo kwa jambo moja, na huachana nayo kwa mawili. Hufanana nayo kwa kuwa mwenye njaa hahitaji kuambiwa tu kwamba chakula kipo duniani. Ahitaji mtu wa kumwonyesha nyumba. Huachana nayo kwanza kwa sababu njaa ya chakula hupiga kelele tumboni, lakini njaa ya kusoma haina sauti, na mtu aweza kuishi nayo miaka thelathini asiijue. Tena huachana nayo kwa sababu debe la mtama likitolewa hupungua, hali kitabu kikiazimwa hurudi kikiwa na kurasa zile zile, na pengine aliyekiazima huleta pamoja nacho fikira ambayo mwenye kitabu hakuwa nayo.

Twaomba tukumbushane hali ilivyokuwa zamani, ili tuone kwamba jambo hili si geni kwetu. Mjini Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, lakini hadi mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Kwa miaka ishirini na saba nzima vitabu vilikuwapo, na wasomaji walikuwapo, na mlango ulikuwa katikati yao. Mwafrika aliyetaka kusoma wakati huo alikitegemea kitabu cha shule, cha kanisa au cha msikiti, na zaidi ya vyote alikitegemea kile alichokuwa nacho rafiki yake.

Huku kwetu Nyanza mambo yalianza mapema. Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906. Agano Jipya kwa Kijaluo lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Katika nyumba nyingi hicho kilikuwa kitabu cha kwanza kuingia mlangoni, na kwa muda mrefu kilikuwa peke yake. Mtoto aliyejua kusoma aliketi karibu na taa akasoma kwa sauti, na wakubwa wakasikiliza, wakamwambia arudie mahali fulani, kisha wakajadiliana. Kitabu kimoja kilisomwa na jicho moja, lakini kilisikiwa na masikio kumi. Tungependa wanachama waikumbuke picha hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Wala vyama vya ustawi havikukaa mbali na elimu ya namna hiyo. Chama cha Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichoundwa mwaka 1923 pamoja na Arkidikoni Owen, kilisema juu ya kodi na taabu za watu, na papo hapo kikawahimiza wanachama wachimbe vyoo na kupanda miti. Waliokiongoza walijua kwamba ustawi si fedha peke yake, bali pia ni ujuzi unaotoka boma hadi boma. Luo Union nayo ilijenga Ukumbi wa Ofafa hapa Kisumu kwa ukumbusho wa Diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa Nairobi mwaka 1953, na jengo hilo latuonyesha hata leo kwamba shilingi ndogo za watu wengi huweza kusimamisha kuta. Kama ukuta waweza kujengwa kwa mchango, basi na rafu ya vitabu yaweza.

Mwaka 1948 East African Literature Bureau ilianza kazi yake. Ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika ya Mashariki, tena ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani, na vingine ikavituma kwa posta kwa msomaji aliyekaa mbali. Kazi hiyo ilistahili sifa. Mwaka 1996, huko Garissa, Maktaba ya Taifa ilifanya kazi iliyofanana nayo kwa kuwapakia ngamia vitabu na kuwafuata wafugaji. Lakini sanduku halina ulimi, wala ngamia hana. Kitabu kikisha kufika, bado yahitajiwa kuwapo mtu wa kukishika na kusema, "Hiki nimekisoma, nacho kitakufaa wewe, kwa sababu hii na hii." Bila ya mtu huyo, sanduku laweza kurudi lilikotoka likiwa na vumbi tu.

Twajua methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali ya kweli sokoni Kibuye, ambako samaki mbichi hujulikana kwa jicho lake na kwa shavu lake. Lakini kwa vitabu haiwi hivyo. Kitabu kizuri kilichofungwa na kitabu kibaya kilichofungwa hufanana kabisa, na pengine kibaya ndicho chenye jalada la kupendeza. Kitabu kizuri hakiwezi kujiuza. Sharti kiwe na shahidi.

Nguvu ya shahidi wa namna hiyo twaijua kutokana na mfano wa jamaa yetu wenyewe. Grace Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930 akasomea uuguzi. Bethwell Allan Ogot, mwanahistoria, aliyekuja kuwa mume wake, alizisoma barua alizomwandikia, akaona kwamba mwandishi wa barua hizo aweza kuandika hadithi, naye akamhimiza afanye hivyo. Mwaka 1962 Bibi Ogot alihudhuria mkutano wa waandishi wa Kiafrika huko Makerere, akaona kwamba kazi za watu wa Afrika ya Mashariki hazikuonekana miongoni mwa vitabu vilivyowekwa pale. Jambo hilo lilimchoma, akaazimia kuchapisha. Mwaka 1966 ikatoka riwaya yake, *The Promised Land*, na mwaka 1968 mkusanyiko wa hadithi fupi, *Land Without Thunder*. Alifariki mwaka 2015, na mumewe mwaka 2025, nao wote wawili wametuachia vitabu ambavyo watoto wetu wavisoma. Mabibi na Mabwana, jambo hilo lote lilianza kwa mtu mmoja kusoma maandishi ya mwenzake kwa makini, na kumwambia ukweli juu ya alichokiona.

Mji huu wa Kisumu pia ulipata bahati ya kukaliwa na Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, ambaye mwaka 1968 alianzisha hapa tamasha la sanaa. Miaka miwili kabla ya hapo kitabu chake *Song of Lawino* kilikuwa kimetoka, nasi twataka kukaa juu ya kitabu hicho kidogo, kwa kuwa ndicho kilichotuletea mabishano makali kuliko vyote katika kamati yetu mwaka huu.

Waliokisoma wajua habari zake. Lawino, mwanamke wa Kiacholi asiyesoma shule, amlalamikia mumewe Ocol aliyesoma sana. Ocol amdharau mkewe, awadharau na wazazi, na ngoma, na chakula cha nyumbani. Lawino avitazama vitabu vilivyojaa nyumbani mwa mumewe, naye aona kwamba akili ya Ocol imepotelea humo. Baadhi ya wenzetu, na hasa akina mama, walisema Lawino ana haki kabisa. Wengine walisema la, mwandishi amempunja Ocol, kwani bila ya watu waliosoma nani angaliandika hata malalamiko ya Lawino? Tulibishana hadi taa zikazimwa.

Mwishoni mzee mmoja wa kamati, ambaye husikiliza sana na kusema kidogo, alitoa neno lililotutosha. Alisema kwamba katika kitabu kizima hakuona mahali ambapo Ocol alimketisha mkewe akamsimulia jambo moja jema alilolisoma. Kosa la Ocol si kusoma. Ni kwamba alisoma peke yake, akaufanya usomi wake kuwa ukuta.

Hapo ndipo tulipopata jibu la swali la mwanachama wetu. Kusoma huweza kuwatenga watu. Huweza kumtenga mtoto na bibi yake, na mume na mke, na karani na mvuvi, na aliye Nairobi na aliye Mbita. Tena kitabu kile kile kiletacho utengano, kikisemwa na kugawanywa, huondoa utengano. Kwa hiyo ni jambo la ustawi. Chama ambacho kazi yake ni kuwafanya watu wasiachane wakati wa msiba, hakiwezi kuona haya kufanya kazi ya kuwazuia wasiachane wakati wa heri.

Na yatupasa kusema wazi kwamba iko hatari. Watoto wetu wengi huvijua vitabu vile tu vilivyotajwa na mtihani. *The River and the Source* cha Margaret Ogola, kilichotoka mwaka 1994, kilisomwa na wanafunzi wa sekondari nchini kote, na *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, vivyo hivyo. Ni vitabu bora. Lakini mtihani ukisha kupita, wengi huviuza kando ya njia wasirudi tena kwenye kitabu chochote, kana kwamba kusoma ni kidonda kilichopona. Mtihani ulimwambia mwanafunzi asome. Hakuna rafiki aliyemwambia kwa nini.

Tena bei yatulemea. Mwaka 2013, kwa sheria ya kodi iliyotungwa mwaka huo, vitabu vilianza kutozwa asilimia 16. Mzazi mwenye watoto wanne, akisha kununua vya shule, hana cha kununulia kitabu cha kusoma jioni. Hilo halibadiliki kwa maneno matamu. Lakini nyumba kumi zenye kitabu kimoja kimoja, zikiaminiana, kila moja yaweza kusoma vitabu kumi.

Na vitabu vya lugha yetu ndivyo vilivyo katika hatari kubwa zaidi. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alitoa *Luo Kitgi gi Timbegi* mwaka 1938. Shadrak Malo alitoa *Dhoudi mag Central Nyanza* mwaka 1953. Bibi Grace Ogot alirudi kwenye Kijaluo mwaka 1983 kwa kitabu chake *Miaha*. Asenath Bole Odaga, mzaliwa wa Rarieda, alianzisha Lake Publishers hapa Kisumu mwaka 1982, akauza vitabu katika duka lake alilolipa jina la Thu Tinda, maneno yale ambayo msimulizi wa Kijaluo hufungia hadithi yake. Alifariki mwaka 2014. Mchapaji huchapa kinachoulizwa. Kitabu ambacho hakuna anayekiuliza hakichapwi tena, na nakala chache zilizosalia huliwa na mchwa makabatini mwa wazee. Hakuna atakayekipiga marufuku. Kitakufa kwa kutotajwa tu.

Basi, baada ya kueleza haja, twaomba ruhusa kutoa mashauri manne juu ya namna ya kupendekezeana vitabu.

Shauri la kwanza ni kumtazama mtu kabla ya kukitazama kitabu. Haifai kumpa kila mtu kile ulichokipenda wewe. Kijana anayefikiri kuhamia nchi nyingine kutafuta mali, mpe *The Promised Land*, kinachosimulia habari za mume na mke waliotoka Nyanza kwenda kulima Tanganyika, naye atakuwa na mambo ya kufikiri kabla ya kufunga mizigo. Msichana na bibi yake, wapeni *The River and the Source*, kinachoanza na Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, kikaendelea na uzao wake hadi siku za mijini; msichana asome, bibi asahihishe. Aliyelelewa mikononi mwa jamaa wasiompenda, mpe *Siku Njema*. Asemaye kwamba hana subira ya kusoma, mpe *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammad Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Humo Bwana Msa apeleleza habari ya mauaji, nasi twamwonea huruma atakayekianza usiku wa manane. Na wale wanaobishana matangani juu ya desturi, kila mmoja akisema "hivi ndivyo ilivyokuwa", wafungulieni Paul Mboya. Si kwamba neno lake ni sheria, maana yeye naye alikuwa mtu mmoja wa mahali pamoja na wakati mmoja. Lakini ni afadhali kubishana na maandishi kuliko kubishana na sauti kubwa.

Shauri la pili ni kusema kweli. Rafiki akikuuliza, "Chasomaje?" usimjibu kwamba ni kizuri sana ukanyamaza. Mwambie kilichokugusa na mahali ulipochoka. Kwa mfano, mmoja wetu asoma sasa *Kusadikika*, kitabu alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1951. Atwambia kwamba Kiswahili chake kina uzito, na kwamba kurasa za mwanzo zataka subira. Lakini tangu Karama asimame barazani kujitetea kwa sababu alitaka watu wafundishwe sheria, na kuanza kusimulia habari za wajumbe waliotumwa mbali wakarudi na mashauri mema, nao wakafungwa kwa ajili ya wema huo, hakuweza kukiweka chini. Hakutwambia hukumu ilikuwaje, nasi twamshukuru kwa hilo. Mwingine asoma *Not Yet Uhuru*, alichokitoa Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1967, naye asema kwamba yampasa msomaji akisome pamoja na vitabu vya watu waliopingana na Mzee huyo, ili azipime hoja. Ushuhuda kama huo wafaa kuliko sifa kumi.

Shauri la tatu ni kutomwaibisha mtu. Wako miongoni mwetu wasiosoma Kiingereza, na wako wasiosoma kabisa, nao si wapumbavu. Zamani watoto wetu walikusanyika katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, wakasikiliza hadithi hadi usingizi. Yule mzee hakuwa na kitabu, lakini alikuwa na maktaba. Kwa hiyo, kama rafiki yako hasomi, msomee. Kama asoma Kijaluo tu, msimulie kwa Kijaluo kile ulichokisoma kwa Kiingereza. Tena umwulize na yeye akusimulie. Anayetoa tu, asipokee, huanza kunuka harufu ya Ocol.

Shauri la nne ni kurudisha. Hapa twaomba kusimulia habari ya mbali. Huko Philadelphia, Marekani, Benjamin Franklin na marafiki zake walikuwa na kikundi cha mazungumzo. Walikusanya vitabu vyao mahali pamoja ili kila mmoja avitumie. Baada ya kama mwaka mmoja mpango huo ulivunjika kwa kukosa utunzaji, na kila mtu akachukua vyake akaenda navyo nyumbani. Hawakukata tamaa. Mwaka 1731 walianza upya kwa utaratibu: wanachama hamsini, kila mmoja akitoa shilingi arobaini za kuanzia na shilingi kumi kwa mwaka. Maktaba hiyo iko hata leo. Mapenzi ya vitabu yalikuwa yale yale mara zote mbili. Kilichoongezeka ni utaratibu. Nasi wahenga wetu walikwisha kutwambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Bwana Mwenyekiti, twajua kwamba wako watakaosema kwamba siku hizi kila kijana ana simu mkononi, na ndani yake mna maandishi kuliko maktaba zote za Afrika ya Mashariki. Hatuipingi simu. Wako wanaosoma vitabu vizima ndani yake wakiwa ndani ya feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita. Lakini wingi wa maandishi ndio unaotufanya tumhitaji zaidi rafiki wa kuchagua. Aliye katikati ya Ziwa haulizi maji yako wapi. Auliza bandari iko upande gani.

Wako pia watakaosema kwamba mji una maktaba ya umma, basi kwa nini Chama kijisumbue? Twajibu kwamba kamati yataka watu waijaze maktaba hiyo, wala haitaki kushindana nayo. Mtu akisha kuonja vitabu viwili kutoka kwa jirani, atautafuta mlango wa maktaba mwenyewe. Na akifika huko akiulizia vitabu vya Kijaluo na vya Kiswahili kwa majina yake, ombi lake litaandikwa, na maombi mengi yakiandikwa, yatasikiwa.

Sasa twaleta mbele ya Mkutano maombi matatu, nasi twaomba yapigiwe kura.

Ombi la kwanza ni kwamba Chama kitenge kabati moja lenye kufuli katika chumba chetu cha mikutano, na daftari moja. Kila mwanachama apendaye aweke humo kitabu kimoja, kikiandikwa jina lake, nacho kibaki mali yake. Anayeazima aandike jina na tarehe, akirudishe baada ya majuma manne. Anayepoteza alipe au alete kingine chenye thamani sawa. Hakuna faini nyingine.

Ombi la pili ni kwamba Jumamosi moja ya kila mwezi, baada ya shughuli za kawaida, tuwe na saa moja ya vitabu. Wanachama watatu, wasiozidi, wasimame waseme wanasoma nini, kwa dakika kumi kila mmoja, kisha iwepo nafasi ya maswali. Kila mwezi mmoja wa watatu hao awe mama, na mmoja awe kijana asiyefikia miaka ishirini na mitano. Aidha, kila mara kisomwe kwa sauti kipande kimoja cha Kijaluo au cha Kiswahili, ili wasiosoma wasibaki nje.

Ombi la tatu halina gharama yoyote. Twawaomba wanachama wenye vitabu vya kale vya lugha zetu, hata vilivyochanika, walete habari zake kwa Katibu. Hatuombi mtu kutoa urithi wake. Twataka tu kujua ni kitabu gani kiko nyumba gani, ili mtoto atakayekitafuta kesho asiambiwe kwamba hakipo hali kiko umbali wa shamba mbili.

Tukilinganisha maombi hayo na mizigo mingine ya Chama, ni mepesi. Hayatazuia shilingi hata moja ya mgonjwa wala ya mfiwa. Yatadai kitu ambacho wengine wetu hukitoa kwa shida kuliko fedha, yaani kukiri mbele ya rafiki kwamba tulisoma jambo likatugusa, na kumwamini na kitu chetu.

Twafahamu pia kwamba si kila kitabu kitakachotoka kabatini kitarudi. Vingine vitapelekwa Homa Bay vikasahauliwa, vingine vitanyeshewa na mvua ndani ya kikapu cha omena. Tumehesabu hasara hiyo, nasi twaona kwamba ni ndogo kuliko hasara ya kitabu kilichokaa salama miaka arobaini bila kuguswa.

Hayo ndiyo tuliyotumwa kuyasema. Kabla ya kura kupigwa, twamwomba kila mmoja wenu amgeukie aliyeketi karibu naye, amtajie kitabu kimoja alichokisoma au alichosomewa, na sababu ya kukitaja kwa mtu huyo na si kwa mwingine. Katibu atapita na karatasi kuandika majina ya vitabu hivyo, nayo ndiyo itakuwa orodha yetu ya kwanza.